Nyumba ya Jumapili ya Miss Elsa

Mmeniomba niandike kwa sababu siku ile kanisani, hapa Mesquite, nilianza kuwaeleza habari za kazi yetu, watoto wakaingia kudai keki, na kwa kweli hata mimi nilikuwa naitaka. Basi leo nimekaa mezani kwa mwanangu, nyumba imetulia, wote wako kazini na shuleni. Naandika kwa Kiswahili changu cha Uvira, kilichokaa kambini Kigoma, kikaja kuzeekea Texas. Mtanisamehe pale kinapoyumba.

Nyinyi mlioanza kazi ya kutunza wazee mnajijua. Wengine mmeingia kwa sababu ghala limepunguza watu, wengine kwa sababu mgongo umekataa maboksi. Msione aibu. Mimi niliingia kwa sababu hoteli niliyokuwa natandika vitanda ilifungwa, na jirani yangu wa Sharpstown, kule Houston, akaniambia kuna kampuni inatafuta wanawake wenye subira. Sikuwa na subira, nilikuwa na watoto wanne. Watu huchanganya hivyo viwili.

Aliyenifundisha ni Njeri, Mkenya, mfupi, anaongea haraka kama mtu anayekimbiza basi. Alinifundisha kwa wiki moja nyumbani kwa mzee mmoja, baharia wa zamani. Siku ya tatu alitoka kidogo, akaniacha nioshe meno ya bandia ya mzee. Nikafikiri, kitu cha mdomoni lazima kichemshwe. Nikachemsha. Meno yakatoka yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Mzee aliyajaribu, yakakataa, akacheka kwa ufizi mtupu hadi machozi. Njeri hakucheka. Aliniambia, "Dada, kabla hujagusa kitu cha mtu, muulize mwenyewe anakifanyaje. Hata kama ni sufuria." Meno ya bandia yanaoshwa kwa maji ya kawaida, vijana wangu. Mkitoka na hilo tu kwenye barua hii, tayari mmefaidika.

Siku hizi simu ndiyo inayojua kama umefika kwa mteja. Zamani tulikuwa tunatumia simu ya mezani ya mteja mwenyewe, tunabonyeza namba, mashine inatusalimia. Siku hizi mna glavu za saizi zote, mna mashine za kumnyanyua mtu mzima kama mzigo bandarini. Vizuri. Lakini mtu wa kunyanyuliwa ni yule yule, na ninachotaka kuwaeleza leo hakikuwa na mashine yoyote. Ni habari ya safari moja, niliyoenda na mteja wangu kwenye vilima vya Texas, huko wanakokwenda watalii kuangalia vijiji vya zamani na kununua mapichi. Majina nimeyabadilisha. Hiyo ni sheria ya kazi, ishikeni.

Mteja wangu nitamwita Miss Elsa. Huku mtu mzima unamwita Miss na jina lake la kwanza, hata kama amezika mume na ana vitukuu. Alikuwa amepita miaka tisini, mwembamba, mrefu, macho ya samawati yaliyofifia kama kitambaa kilichoanikwa sana juani. Aliishi Missouri City, mji ulio pembeni mwa Houston, na binti yake Carol, mwanamke wa miaka sitini hivi, mfanyakazi wa ofisi ya bima. Mimi nilikuwa nakwenda asubuhi Carol akitoka, naondoka jioni akirudi.

Miss Elsa alikuwa na ule ugonjwa wa kusahau. Mnaujua. Haukumjia kwa fujo. Ulikuwa unamchukulia vitu vyake kimoja kimoja, kama mtu anayehama taratibu bila kuaga. Kwanza majina ya dawa. Kisha majina ya majirani. Mwaka ninaousimulia, ukafika kwa Carol. Asubuhi Carol akimbusu kwenye paji la uso na kuondoka, Miss Elsa alikuwa ananiuliza, kwa adabu sana, yule mama ni nani na anakuja kila siku kutafuta nini.

Carol alikuwa anasikia. Mlango wao ulikuwa mwembamba.

Ndipo akapata wazo la safari. Mama yake alizaliwa huko vilimani, kwenye shamba la mbuzi na mahindi, katika jamii ya watu waliokuja zamani kutoka Ujerumani. Waliishi mashambani wiki nzima, na kila familia ilikuwa na kijumba kidogo kijijini, chumba kimoja na dari ya kulala watoto, ambacho walikitumia mwisho wa juma tu, ili waende kanisani na sokoni bila kurudi mbali siku ile ile. Wanaziita nyumba za Jumapili. Nyingi bado zimesimama, na watu wamezifanya za kulaza wageni. Carol alikuwa ametafuta kwenye mtandao akaipata nyumba ya Jumapili ya babu yake mwenyewe, kuta zile zile za mawe, na mwenye nyumba wa sasa anaikodisha. Akakodi tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Akaniomba niende nao.

"Akiingia mle atakumbuka," aliniambia tukiwa jikoni. "Akianza kukumbuka mle, labda na mimi atanifikia."

Njeri alinionya mapema, usimpe familia matumaini wala usiyanyang'anye, si mali yako. Nikamuuliza tu kama gari lina kiyoyozi kizima.

Sasa sikilizeni mambo ya kusafiri na mzee, maana hayo hayamo kwenye darasa lao. Kiti cha gari cha kitambaa kinang'ang'ania nguo. Tandaza mfuko wa plastiki wa dukani juu yake. Mzee anakaa kwanza, makalio kabla ya miguu, halafu unazungusha miguu yote pamoja, plastiki inateleza, na hakuna nyonga iliyolia. Akishakaa sawa, uvute mfuko utoke, la sivyo kwenye breki atateleza nao. Chuma cha mkanda wa gari jua la Texas linakipasha kama pasi, kifunike kwa taulo kila mnaposimama. Mzee hasikii kiu. Usimuulize kama anataka maji, mpe tikiti maji, mpe chungwa, atakunywa bila kujua. Na ukiona kituo cha mafuta chenye choo kisafi, simama hata kama amesema hataki. Hasa kama amesema hataki.

Tulitoka Ijumaa asubuhi, mwisho wa Mei. Houston iliendelea kutufuata muda mrefu, kama kawaida yake, kisha ikachoka. Ardhi ikawa tambarare, ng'ombe na nyasi, ng'ombe na nyasi. Tulipopita San Antonio, barabara ikaanza kupanda. Mimi nilikuwa nimeishi Texas miaka mingi nikidhani yote ni sahani. Kumbe ina vilima, na mawe meupe yanachungulia kwenye udongo kama mifupa, na mialoni mifupi iliyopindapinda, na kando ya barabara maua mekundu yenye ncha za njano, mengi mno, kama mtu amemwaga kapu la vitenge. Jua lilikuwa kali lakini kavu, halikukubandika nguo mwilini kama la Houston. Nilikumbuka barabara ya kupanda kutoka Uvira kwenda milimani. Nikakaa nayo mwenyewe. Ukiwa kazini kumbukumbu zako zikae kwenye pochi.

Miss Elsa alikuwa anaangalia dirishani. Mkono wake ulikuwa unagonga goti taratibu, kama anahesabu wimbo.

Kijiji chenyewe kina barabara moja kuu, pana sana, ya wakati wa mikokoteni iliyohitaji nafasi ya kugeuza. Siku hizi pande zote ni maduka ya jemu, kofia na divai, na watalii wanatembea katikati ya njia wakila aiskrimu. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mtaa wa nyuma. Ndogo kweli. Mawe meupe, bati, baraza yenye nguzo nne, ngazi ya nje ya kupandia darini. Mbele wameweka waridi na kibao chenye jina la kuvutia wageni.

Nikamshusha Miss Elsa kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi barazani. Carol alikuwa ameshafungua mlango, amesimama ndani, uso wote unangoja.

Miss Elsa akaangalia mlango. Akaangalia ngazi. Nikaona ameijua. Mtu akiijua nyumba mabega yanashuka, hakuna haja ya kuuliza. Halafu akashika magurudumu yote mawili kwa mikono yake, na mikono ile iliyokuwa haiwezi kufungua chupa ikasimamisha kiti pale pale.

"Leo si Jumapili," akasema.

Carol akamwambia si kitu, wamekodi, wanaweza kuingia siku yoyote. Miss Elsa akarudia kwamba leo si Jumapili, watu wa heshima hawaingii katikati ya wiki, kazi wamemwachia nani? Carol akamweleza kwa upole, kisha kwa upole mdogo kuliko ule wa mwanzo. Mzee hakubishana. Alikaa tu ameshika magurudumu, mtu mwenye haki.

Hapo mimi nikafanya ujanja wangu. Kijana mmoja wenu aliniuliza juzi, "Mama Faida, sasa mgonjwa akisema anamsubiri bwana yake aliyekufa, nita-say nini?" Swali zuri, na mimi pale barazani nilijibu vibaya. Nilichuchumaa mbele yake nikatabasamu, nikasema, "Miss Elsa, umesahau, leo ndiyo Jumapili."

Aliniangalia kwa huruma. Nasema kwa huruma, kama unavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Kengele ziko wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na kengele. Kuanzia hapo hadi jioni hakupokea hata chungwa mkononi mwangu, lazima apewe na Carol. Ndiyo hivyo. Mtu anaweza kusahau jina lako na bado akakumbuka kwamba umemdanganya. Hilo Njeri hakunifundisha, nililipata peke yangu.

Carol alikwenda kukaa ndani ya gari. Nilimwona kupitia kioo, ameweka paji la uso kwenye usukani. Nilikaa na Miss Elsa kwenye kivuli cha baraza, watalii wanapita wanatupungia mkono wakidhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Baada ya muda Carol akarudi, uso ameuosha kwa maji ya chupa. Mimi nilitegemea aseme turudi Houston. Badala yake akapiga magoti pale nilipochuchumaa mimi, akamuuliza mama yake, kama haingii leo, ataingia lini?

"Jumapili," Miss Elsa akasema, kama mtu anayejibu swali la kipumbavu lakini kwa adabu.

"Basi tutakuja Jumapili," Carol akasema.

Akafunga mlango wa nyumba aliyoikodi kwa hamu yote ile, tukaenda kulala moteli kando ya barabara kuu, vyumba viwili vyenye mlango katikati. Mimi sikuliwaza hilo. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwingiza.

Jumamosi ilikuwa siku ya shamba, kwa mantiki ya Miss Elsa, kwa hiyo tukaenda shamba. Carol aliuliza njia akaipata. Lile shamba limekuwa la mizabibu, mistari imenyooka kupanda kilima, na mahali pa kuonja divai pamejengwa kwa vioo. Vijana wamevaa kofia za nyasi wanapiga picha. Kilichobaki cha zamani ni ukuta mmoja wa mawe yaliyopangwa bila saruji, wa kuzuia mbuzi, na juu ya mawe mijusi inaota jua. Miss Elsa alitaka asukumwe karibu. Akaweka kiganja juu ya jiwe moja, akakiacha hapo muda. Carol akamuuliza kama anapakumbuka. Akauliza tena, kwa njia nyingine, kama baba yake ndiye aliyejenga. Yeye akaendelea kulipapasa jiwe. Hilo pia mlijue, tusiwafanyie wazee mtihani. Lakini huyo hakuwa mama yangu, na nilikuwa bado nimekasirikiwa.

Tulipokuwa tunarudi, jua limesimama katikati, Carol akaona kibanda cha mapichi kando ya njia akasimama. Kibanda cha mbao, paa la bati, vikapu vimepangwa kwa ukubwa. Muuzaji alikuwa mzee, nitamwita Alvin, suruali ya jinzi yenye kanda za mabegani, mikono mikubwa yenye makovu ya miiba. Mbwa wake mweusi alikuja mbio kutunusa magurudumu, na Alvin akamwita kwa neno moja kali ambalo halikuwa la Kiingereza. Mbwa akakaa.

Miss Elsa naye akakaa wima. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Mgongo uliokuwa umepinda miaka yote niliyomjua ukanyooka, na akasema kitu kwa Kijerumani, sentensi nzima, ndefu, sauti ikiwa chini zaidi kuliko ile niliyoizoea, sauti ya mwanamke anayejua kuendesha nyumba.

Alvin alikuwa ameshika kikapu. Alikiweka chini polepole sana. Akajibu.

Baadaye alitueleza kwamba hakuwa amezungumza lugha ile tangu kaka yake afe, ila na mbwa, na mbwa hajui maneno mengi. Alisema si Kijerumani cha Ujerumani, ni cha vilimani pale, kilichokaa muda mrefu na Kiingereza hadi kikaota ndevu zake chenyewe. Watoto wa siku za vita walikatazwa kukiongea shuleni, wakakua, hawakuwapa watoto wao. Waliobaki nacho wanakwisha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule walikuwa wanaongea tu. Alvin alivuta kreti akakaa juu yake, goti lake likigusa gurudumu. Miss Elsa alikuwa anauliza, anajibu, anakatiza, anacheka kwa pua. Mimi nilikuwa nimemwogesha na kumlisha mwanamke huyo kwa miaka na sikujua kwamba ni mcheshi. Wateja wengine walifika wakangoja, kisha wakajipimia mapichi wenyewe.

Carol alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mfuko wa mapichi kifuani. Akamuuliza Alvin mama yake anasema nini.

"Anasema ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mahindi," Alvin akasema. "Na ananiuliza kama mimi ni wa ukoo wa wahunzi. Ndiyo, babu yangu alikuwa mhunzi."

"Hakuna lingine?"

"Hayo tu, mama. Mambo ya nyumbani."

Carol akasema, "Naomba umuulize mimi ni nani."

Alvin aliniangalia mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimevaa sare. Nilitaka kutikisa kichwa. Nilijua majibu yanayoweza kutoka pale, niliyasikia kila asubuhi. Lakini Carol alikuwa mtu mzima na alikuwa ameyasikia pia. Alvin akamgeukia Miss Elsa, akauliza kwa sauti ya chini, akionyesha kwa kidole gumba nyuma ya bega lake.

Miss Elsa akamwangalia Carol kwa muda. Akajibu kwa maneno machache, bila kuinua sauti, akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa kama mtu aliyemaliza kazi.

Alvin alivua kofia, akaikagua ndani.

"Amesema, 'Huyo ni wangu. Sikumfundisha kuongea, ndiyo maana anasimama mbali.'"

Mbwa alikuwa amelala chini ya meza. Carol akaweka mfuko wa mapichi pale mezani, akazunguka, akaja kusimama karibu na kiti, upande ambao mama yake angeweza kumfikia. Miss Elsa hakumkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Alimshika kwenye pindo la blauzi, akavuta kidogo kuinyoosha, kama unavyomweka mtoto sawa kabla ya kanisa, akaendelea kuongea na Alvin habari za ng'ombe.

Jumapili tulienda kwenye nyumba. Kengele za kijiji kile zipo, na nyingi, kila dhehebu na yake, zinapokezana. Tulifika zikiwa zinalia. Miss Elsa hakushika magurudumu. Nilipomvusha kizingiti alivua kofia mwenyewe, akaelekeza mkono kuitafutia msumari ukutani, na msumari, bila shaka, haukuwapo, kulikuwa na picha ya maua. Akaniwekea mimi kofia mkononi. Nikajua nimesamehewa, au amenisahau, katika kazi yetu mara nyingi ni kitu kimoja na tunashukuru.

Alionyesha juu darini walipolala wasichana. Akaomba kahawa. Kabla maji hayajachemka alikuwa amelala usingizi mzito kwenye kitanda, viatu miguuni, mdomo wazi, na kanisani hakwenda. Baada ya kuingoja Jumapili kwa ushujaa wote ule. Mimi na Carol tulisimama kwenye sinki tukala mapichi, maji yake yakitutiririka hadi kwenye viwiko, na Carol akaanza kucheka, na mimi nikamfuata.

Jumatatu mchana tulirudi Houston.

Sasa, mngependa niwaambie kwamba tangu siku hiyo Miss Elsa alimjua binti yake. Hapana. Jumanne asubuhi aliniuliza yule mama ni nani. Ugonjwa haukuwa umepata habari za safari yetu. Kilichobadilika ni Carol. Aliacha kuuliza maswali ya mtihani. Akirudi jioni alikuwa anavuta kiti anakaa karibu, goti likigusa gurudumu, vile vile kama alivyomwona Alvin akifanya. Mara moja moja alimpigia Alvin simu, anaiweka sikioni kwa mama yake, na Miss Elsa anaongea huku sisi tunapika. Hakuna aliyeomba tafsiri.

Miss Elsa alifariki wakati wa baridi, nyumbani, mchana, mimi nikiwepo. Siwaelezi zaidi, mtakapofika hapo mtapajua, na mtapiga simu mnazotakiwa kupiga kwa utaratibu wake. Carol aliomba nimwogeshe mimi kabla watu wa mazishi hawajaja kumchukua. Nikamwogesha.

Wakamzika huko vilimani, kwenye makaburi ya mawe meupe, siku ya jua na upepo baridi. Watu hawakuwa wengi. Alvin alisoma sala kwa lugha yao, peke yake, na hakuna aliyeitikia kwa sababu hakuna aliyejua pa kuitikia. Alipomaliza, Carol akanigeukia, akasema, nawe sema neno, umekaa naye kuliko sisi sote. Kiingereza changu kilikimbia. Nikasogea karibu na jeneza nikasema kitu kwa Kiswahili, kifupi, nikarudi mahali pangu.

Tukiwa tunatembea kurudi kwenye magari, Carol aliniuliza nilikuwa nimemwambia nini.

Nilimweleza kwamba bafuni sikuwahi kuongea na mama yake Kiingereza. Mikono ikiwa na kazi, ulimi wangu unarudi nyumbani. Kila asubuhi kabla ya kumwingiza kwenye maji nilikuwa namwambia hivyo hivyo: njoo mama, maji si baridi. Na pale kaburini sikupata maneno mengine.

"Alikuwa anaelewa?" Carol akauliza.

Nikamwambia sijui. Ila kila nilipoyasema, alikuwa anainua mguu mwenyewe.